Gia Imeshika

Mama alikuwa ameshakaa ndani ya gari. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kumtoa chumbani kulikuwa kazi ya jasho: mimi nimemshika makwapani, jirani yetu amemshika miguu, na yeye mwenyewe anauma upindo wa leso asipige kelele, maana nyonga yake ilivunjika alipoteleza bafuni na mfupa haukuunga vizuri. Tulikuwa tumelaza kiti cha mbele na kukijaza mito. Akakaa, akanyoosha gauni, akasema, "Haya, jena tai, twende." Jena tai maana yake ni mtoto wangu kwa Kiarabu cha Juba, na ndivyo anavyoniita hata sasa nina mvi. Nikawasha. Nikavuta gia mpaka D, nikaachia breki, nikakanyaga mafuta.

Injini ikanguruma, gari halikusogea. Nikarudisha N, nikavuta D tena, safari hii kwa nguvu. Ngurumo ileile, na sisi palepale uani kwetu, mtaa wa Hai Malakal, kuku wanatuangalia. Nikajaribu R. Kigari kikatetemeka, kikatulia, kisha kikaruka nyuma kwa kishindo. Mama akapiga yowe.

"Pole, Mama! Pole sana!"

"Endesha tu. Mimi si mayai."

"Haliendi, Mama."

"Haliendi vipi na ninasikia linalia?"

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Nilishuka nikalipiga tairi teke, nikalitukana lile gari matusi ya Kakuma na ya Eastleigh, kule Kenya nilikokulia, matusi ambayo Mama, ashukuriwe Mungu, hayajui. Kilikuwa kigari kidogo cha Kijapani, otomatiki, nilichokileta kutoka Kampala, na kwa wiki kadhaa kilikuwa kinanipa dalili. Asubuhi ukiweka D kinafikiria kwanza. Ukipanda kilima injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Nilikuwa najiambia ni baridi ya asubuhi. Baridi gani, Juba?

Tulikuwa tunakwenda Gumbo, ng'ambo ya daraja, kwa mama mkubwa, dada wa pekee aliyembakia Mama. Mama mkubwa alikuwa anakufa, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema. Wakati wa vita, kabla sijazaliwa, walikimbia pamoja kwa miguu kuelekea Uganda. Mama alikuwa na mtoto mgongoni, kaka yangu ambaye sikupata kumwona. Njiani Mama akapatwa na homa kali, hajitambui, wakambeba kwenye machela ya matawi. Alipopata fahamu walikuwa wameshavuka mpaka, na mtoto hayupo. Dada yake alikuwa amemzika njiani. Wapi? Hakusema. Mwanzoni aliogopa Mama atarudi kumtafuta na kuuawa. Baadaye, nadhani, jambo lilikuwa limenyamaziwa miaka mingi mno na ulimi ukawa mzito. Mama aliuliza mpaka akaacha kuuliza.

Kisha wiki ile binti wa mama mkubwa akanipigia simu. "Mama anamtaka mdogo wake," akasema. "Anasema yuko tayari kumwambia mtoto alizikwa wapi." Tukamwomba mgonjwa aseme kwenye simu palepale. Akakataa katakata. Alisema jambo kama hilo huwezi kulisema bila kumshika mwenzako mkono. Na kweli sauti yake ilikuwa imekwisha, tulikuwa tunasikia pumzi tu. Mama hakulia. Aliomba tumwogeshe, akaomba gauni lake la kanisani.

Kwa hiyo kusema gari halikuingia gia siku ile ni kusema kitu kidogo sana.

Nikampigia fundi, Mganda mmoja mwenye gereji mtaa wa Mauna, mtu mcheshi, mikono myeusi mpaka viwikoni. Alikuja kwa boda, vifaa ndani ya gunia. Akamkuta Mama bado amekaa kwenye kiti cha mbele. Tulikuwa tumemwambia ashuke apumzike, akasema mkinishusha hamtanipandisha tena, nitangojea humuhumu.

"Jaja, mimi iko naomba ruhusa nifungue boneti," fundi akamwambia kwa heshima, ameinama. Kwa Kiganda jaja ni bibi, na mimi aliniita ssebo, yaani bwana.

"Fungua, mwanangu. Ila fanya haraka."

Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, injini ikiwa inazunguka, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kipimo kilikuwa sawa. Akakinusa, akanipa na mimi ninuse. Kilinuka maharage yaliyoungua. Oili ambayo ingepaswa kuwa nyekundu ilikuwa nyeusi tititi.

"Hii oili imechoka," akasema. "Lakini tusikimbilie huko. Wacha nione kebo kwanza. Saa ingine gia iko mzuri, ni kebo tu nadanganya."

Nilimpenda kwa neno lile. Kebo ni kitu rahisi. Akaingia chini ya gari, akaniambia nikae kwenye usukani nisogeze gia, P, R, N, D, taratibu, huku akipiga kelele kutoka chini, "Tena! Rudisha! Tena!" Mama pembeni yangu akawa anafuata mkono wangu kwa macho. Fundi akatoka amejaa vumbi, anatabasamu. Kile kipira kinachoshika ncha ya kebo kilikuwa kimelika, akasema, mkono wa gia ukifika D huku juu, giaboksi kule chini haijafika. Akakata kipande cha kandambili, akakifunga na waya. Tukajaribu. Wallahi gari likaenda! Likatoka uani mpaka kwenye mti wa mwarobaini wa jirani, Mama anacheka, anampungia mkono fundi, na mimi nikaanza kuimba wimbo wa kanisani. Pale kwenye mwarobaini likaishiwa nguvu. Injini ikapanda juu, magurudumu yakasimama.

Tukalisukuma kurudi. Nilisukuma huku nikiona kisogo cha Mama kupitia kioo cha nyuma, kimenyooka, hakigeuki.

Simu ikalia. Binti wa mama mkubwa. "Anauliza mmefika wapi."

"Mwambie fundi anamalizia," nikasema. Ningesema nini?

Fundi akaamua lazima gari livutwe mpaka Mauna, oili yote imwagwe, sinia la chini la giaboksi lifunguliwe. Kwa hiyo tukamshusha Mama. Hakuuma leso mara hii, alilia kwa sauti, na sikujua analilia nyonga au nini. Mimi na jirani tukamlaza kitandani na gauni lake lilelile.

Mtu atauliza, kwa nini usikodi taksi? Ningelipenda kumshika huyo mtu kola. Siku zile petroli ilikuwa imekauka mjini. Taksi zote zilikuwa kwenye foleni za vituo vya mafuta, madereva wamelala ndani, miguu nje ya dirisha. Boda zilikuwapo, lakini nani atampakia Mama kwenye boda na nyonga ile? Nilizunguka mtaa wa Amarat wote, mpaka hotelini ninakofanya kazi, nusura nipige magoti. Mafi, wakaniambia, hakuna. Jioni nikarudi mikono mitupu.

Ni jirani mwingine aliyeniokoa, au ndivyo nilivyodhani. Ni mama wa Kiganda anayeuza vitunguu na nyanya soko la Konyo-Konyo, ana pikapu na dereva wake. Pikapu ilikuwa foleni tangu juzi yake, ikarudi jioni ile imejaa mafuta. "Kesho asubuhi mimi nakwenda Nimule kuchukua mzigo," akaniambia. "Gumbo ni njiani. Nitampeleka jaja mpaka mlangoni."

"Anti, Mungu akubariki."

"Lakini mimi sichelewi. Mpakani wanafunga mzigo mapema."

Usiku ule nililala.

Asubuhi pikapu inanguruma langoni, anti ameshafunga kitambaa kichwani, na mimi na dereva wake tunaitazama ile pikapu na kutazamana. Ilikuwa ndefu kwenda juu. Kumnyanyua Mama mpaka kwenye kile kiti, kumpindisha, kumsukuma ndani, ingekuwa kama kumvunja mara ya pili. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, anaitazama, na niliona ameogopa. "Nitapanda," akasema. "Si mtanisukuma tu?"

Hapo simu yangu ikalia. Fundi, kutoka Mauna. Mtandao ulikuwa mbaya, sauti inakuja na kukatika.

"Fundi! Vipi? Gia imeshika?"

"Eh, ssebo. Imeshika."

"Imeshika kweli?"

"Imeshika kabisa. Mimi nimejaribu..."

"Asante Mungu! Asante, Mungu wangu!"

Simu ikakatika. Nikaruka juu. Nikawaambia wote palepale, gari limepona, fundi amelijaribu, gia imeshika kabisa. Mama akafumba macho, akashukuru. Anti akauliza, "Una uhakika?" Nikamwambia, "Anti, nenda salama, usikose mzigo wako. Fundi atakuwa hapa sasa hivi, na Mama atakwenda amelala kwenye mito yake." Mama naye akasema afadhali kile kigari cha chini. Anti akambusu shavuni, akapanda. Nikafungua lango mwenyewe, nikaipisha pikapu ipite, nikaipungia mkono mpaka ikapinda kona.

Tukangoja. Mama kwenye kiti chake cha plastiki, ameshajipanga, ananieleza atakavyosema. Hatamlaumu dada yake, alisema, hata kidogo. Miaka imepita, yule alifanya alichoweza, nani mwingine angechimba na watu wanakimbia? Angemshika mkono, amsikilize mpaka mwisho, na kama kuna jambo hakulielewa angeuliza hapohapo. Akishapajua, nitampeleka, hata kama ni kwa machela. Alitaka kupawekea mawe. "Mtoto hawezi kukaa bila mawe," akasema.

Jua likapanda. Fundi hakuja. Nampigia, hapatikani. Nikadaka boda kwenda Mauna.

Gari lilikuwa limekaa juu ya mawe, sinia la giaboksi limefunguliwa, limelala chini kwenye gunia. Fundi amekaa kwenye tairi, anakunywa chai. Aliponiona akasimama, uso umejaa pole.

"Ssebo, malesh. Pole sana."

"Pole ya nini? Gari liko tayari?"

Akanitazama asielewe. "Si nimekwambia imeshika?"

"Imeshika, ndiyo! Kwa nini hujalileta?"

"Nitalileta vipi na limeshika?"

Kisha akanivuta mkono, akanionyesha. Akaweka gia N, akaachia handibreki, akashika gurudumu la mbele kwa mikono yote akalizungusha. Halikuzunguka. Akaleta chuma kirefu, akasukuma, mishipa ya shingo imemtoka. Halikuzunguka hata robo. Ndani ya lile sinia kulikuwa na sumaku ndogo iliyofunikwa tope la kijivu, na ndani ya tope vipande vya chuma vinavyong'aa, jino zima la gia moja kubwa likiwamo. Alikuwa amebadilisha oili, amewasha, ameweka D, kukasikika mlio mmoja, tah, na giaboksi ikashika. Ikakwama. Ikafa.

Mimi Kiswahili changu ni cha Kenya, nimekisomea shuleni na nimekigombania mtaani. Kwangu gia ikishika, imekubali, gari linakwenda. Yeye Kiswahili chake amekiokota gereji za Kampala, na huko chuma kikishika, basi, lete nyundo. Na ubaya ni kwamba sote wawili tulikuwa sawa! Mimi mwenyewe nasema breki zimeshika nikimaanisha zimeng'ang'ania. Lugha ya watu wazima kabisa, na neno moja linakuambia nenda na linakuambia hutakwenda popote.

"Na ulinisikia nikimshukuru Mungu!" nikapiga kelele. "Ulifikiri nashukuru nini?"

"Mimi nilifikiri wewe iko na hasira," akasema polepole. "Watu wengine wakikasirika wanasema hivyo. Asante Mungu, umeniua. Hivyo."

Nilimshika shati. Nasema ukweli, nilimshika shati na nikainua mkono. Hakujikinga. Alisimama tu, kikombe mkononi, na chai inamwagikia kiatu. Nikamwachia. Nikampigia anti simu, nikarudia, nikarudia, yuko kwenye barabara ya Nimule ambako mtandao haupo. Nikakaa chini kwenye ile ardhi yenye oili, suruali yangu ya kazi na yote, nikalia kama mtoto mbele ya watu wa gereji.

Fundi ndiye aliyetafuta taksi. Alikwenda mwenyewe kwenye foleni akambembeleza dereva mmoja aliyekuwa amebakiwa na mafuta kidogo, sijui alimwambia nini. Tulipofika Hai Malakal, Mama bado yuko kwenye kiti cha plastiki, kivuli kimemwacha, yuko juani. Tukampakia. Fundi alikuja nasi, amekaa nyuma pamoja nami, amekishikilia kiti cha Mama kwa mikono yake ili kisitikisike kwenye mashimo. Darajani tulisimamishwa nyuma ya malori, na Mama akawa anatazama maji, midomo inacheza. Nilidhani anaomba. Nilipoinama nikasikia anajikumbusha majina ya mahali, vijito na milima ya njia ile ya zamani, moja baada ya jingine, ili akitajiwa asipotee.

Tukawasikia wanawake wakilia kabla hatujaona nyumba.

Dereva akapunguza mwendo mwenyewe. Mama akasema, "Usisimame. Ingia." Tukamwingiza ndani tumembeba, mimi na fundi. Mama mkubwa alikuwa amelazwa mkekani, amefunikwa shuka mpaka kidevuni, amekuwa mdogo. Tukamkalisha Mama kando yake kwenye mito. Binti wa mama mkubwa akaja akapiga magoti, macho yamevimba. Alizaliwa ukimbizini kama mimi, njia ile haijui.

"Alikungoja, mama mdogo," akasema. "Tangu jana alikungoja. Asubuhi alikuwa anauliza kila gari likipita. Alipoona pumzi inakwisha akaniambia mimi, akanishika mkono, akasema nikwambie."

"Alisema nini?"

"Alisema, mwambie mtoto yuko pale tulipopumzika."

Mama akangoja.

"Pale tulipopumzika wapi?"

"Hakusema wapi. Nilimuuliza. Alisema utapajua tu."

Sitausahau uso wa Mama. Akanigeukia mimi, kana kwamba mimi nilikuwapo katika safari ile na ningeweza kumsaidia. "Tulipumzika kila mahali, jena tai," akasema. "Tulikuwa na watoto na wazee. Tulipumzika kila mahali."

Akaingiza mkono chini ya shuka akautafuta mkono wa dada yake, akaushika. Akamsogelea sikioni. "Wapi?" akamuuliza, kwa lugha ya nyumbani. Akangoja kidogo, akauliza tena, kwa sauti zaidi, "Wapi, dada? Kwenye kijito? Au kule juu?" Wanawake waliokuwa wamejaa chumbani wakadhani ameanzisha maombolezo. Wakampokea, wapi, wapi, wakipiga makofi taratibu na kuyumba, na sauti zao zikaifunika ya kwake. Nilitaka kuwafokea wanyamaze, mtu anauliza swali! Fundi alikuwa mlangoni, amevua kofia, haelewi lugha hata neno, machozi yanamtoka.

Wakaja wanaume wa ule ua, sururu mabegani. Joto lilikuwa kali, maiti isingeweza kulala mpaka kesho. Wakainama mbele ya Mama, maana sasa yeye ndiye mkubwa, wakamuuliza wachimbe wapi.

"Hapo nje, mbele ya mlango," Mama akasema. "Chimbeni pale ambapo kila mtu atapaona."